Mbwa wa Kumfaa Fundi

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani nzima, pasi tu ndiyo inakohoa. Sitaki kuzungukazunguka: nataka mbwa.

Usicheke. Najua mimi ndiye niliyekufukuza jikoni kwa ufagio, wewe na kile kijibwa chako cha jalalani, ulipokuwa na miaka saba, nikasema mbwa na kitambaa havikai nyumba moja. Maneno hayo leo nayameza bila maji.

Mwanangu amenishika pabaya. Wiki iliyopita alikuja mchana, na badala ya kugonga kama mtu aliyelelewa, akavunja kitasa. Kitasa, Kitinda! Nilikuwa chumba cha nyuma napinda mapazia ya watu, nageuka namwona amesimama mlangoni anatweta, macho mekundu, ananiuliza kwa nini sifungui. Eti amegonga nusu saa. Nusu saa gani? Mtoto yule tangu akiwa shuleni hajui kusubiri. Sasa ameamua kwamba siwezi kuishi peke yangu. Amenitengea chumba kwake, hata kitanda ameshaweka. Mwisho wa mwezi wa nne nihame, isipokuwa apatikane mtu wa kukaa nami hapa. Nikamwambia mtu simtaki, labda mbwa. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akasema haya, nikipata mbwa wa kueleweka tutazungumza.

Unakumbuka Mama alivyohamishiwa kwa kaka mkubwa. Alipewa kiti kwenye kona, na kila mtu akawa anampita kama anapita kabati. Miaka mitatu kwenye kiti kile. Mimi nina cherehani yangu, wateja wangu na ufunguo wangu. Kiti sikitaki.

Wewe unakaa na mbwa mia huko kwenye kituo cha kuwatunza, hukosi mmoja wa kunifaa. Jumapili usipande kilimani kutafuta mtandao ili unipigie, simu yangu imeharibika. Andika barua umpe dereva wenu akija mjini kuchukua chakula cha mbwa.

Dada yako,
Fundi


9 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Wewe na mbwa! Nimewaambia wenzangu hapa, wameniuliza kama dada yangu ni yuleyule wa hadithi ya ufagio.

Lakini ngoja nikuambie ukweli wa kazi hii. Mbwa hachaguliwi kama kitambaa dukani, unapapasa, unasema huyu mzuri, nikatieni. Watu wanamwona mbwa kwenye sinema, wanakuja wanamtaka huyohuyo, na mwezi wa pili wananirudishia na uso umewashuka. Mbwa wa polisi ni mbwa wa kazi. Usipompa kazi anajiajiri mwenyewe, na kazi ya kwanza atakayojipa ni kubomoa kochi. Chiwawa anaenea kwenye mfuko wa aproni, ila ana hasira za watu wanane. Labrado ni rafiki wa kila mtu, mwizi akiwemo. Na yule mrefu kama benchi, mwenye miguu mifupi ya kuazima, ngazi za ghorofa ya pili zitamvunja mgongo.

Kwa hiyo simtoi mbwa bila maswali, hata kwa dada aliyenibeba mgongoni. Yapo kumi na mawili, karatasi nimeifunga humu. Tunachouliza si mbwa gani unampenda, ni siku yako inakwendaje tangu unapoamka. Unatoka mara ngapi, unatembea kiasi gani, nani anakutembelea, unakaa chumba kipi, unavumilia nini na huvumilii nini. Juu kabisa nimekuandikia kwa wino mwekundu: JIBU KAMA UNAVYOISHI, SI KAMA UNGEPENDA KUISHI. Watu wote hukosea hapo.

Wifi yako anakusalimu. Anaendelea vizuri sasa.

Mdogo wako,
Kitinda


14 Februari

Kitinda,

Hata kujiunga na jeshi hakuna maswali mengi hivi. Haya, chukua.

Naamka saa kumi na mbili. Kila asubuhi natembea mpaka sokoni na kurudi kwa kuzunguka uwanja wa mpira, na jioni nazunguka tena. Wageni wapo kila siku, wateja, majirani, nyumba haikauki watu. Mazungumzo tele. Ngazi napanda kama msichana. Chumba cha kazi ni cha nyuma, cha mbele kina roshani ambayo mbwa anaweza kuota jua. Nguvu ninazo. Mbwa mkubwa sawa, mwepesi sawa, mkali kidogo pia sawa, mradi mwanangu akimwona aridhike.

Swali la tisa, kama nataka anayebweka sana, kiasi au asiyebweka. Yote sawa kwangu.

Swali la kumi na mbili, kwa nini nataka mbwa. Ili niachwe nyumbani kwangu.

Umefurahi?

Fundi


19 Februari

Dada, shikamoo.

Kwa majibu hayo mbwa ni mmoja tu: Jenerali. Baba yake mbwa wa polisi, mama yake mbwa wa kuchunga kondoo, kwa hiyo ana miguu ya mmoja na wasiwasi wa mwingine. Anataka kutembea kama unavyotembea wewe, na anapenda nyumba yenye watu. Dereva atakuletea, ukae naye wiki mbili za majaribio. Hapa tunamtoa mbwa kama wewe unavyompa mteja nguo ajaribu kabla ya kukaza mshono.

Jibu la tisa limenishangaza kidogo. Wewe uliyemrushia jogoo wa jirani kandambili, zote mbili, leo kubweka ni sawa tu? Uzee umekulainisha. Jenerali akibweka vioo vinatikisika, nisije nikalaumiwa.

Kitinda


27 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Jenerali ana wiki moja hapa na nimepungua mwili. Amekula vifungo vya koti, dazani nzima, nusu ya futi yangu ya kupimia na soli ya ndara. Gauni jeupe la bibi harusi limeota manyoya, nimelichambua kwa utepe wa gundi siku mbili. Nikifanya kazi namfungia roshani, namwekea maji na mfupa. Akitoka huko ananitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Lakini sitakuwa mwizi wa fadhila. Kuhusu kelele zake umesema uongo, ni mpole kuliko ulivyoniambia. Vioo vinatikisika wapi? Wiki nzima sijamsikia akibweka hata mara moja.

Mwanangu bado ananinunia. Suruali yake ya kazini nimeikata fupi, kosa dogo tu, angeweza kuivaa nyumbani. Anaitazama suruali ile kama anatazama maiti. Mwambie wewe, mjomba wake, kwamba fundi yeyote hukosea.

Dada yako,
Fundi


1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimempa dereva wenu barua hii mwenyewe, kwa sababu huko kwenu simu haishiki na jambo hili siwezi kulikalia tena. Ni Mama.

Jana nilikwenda kumtazama saa nane mchana. Kabla sijafika ngazini nilimsikia mbwa. Mjomba, mtaa mzima ulikuwa unamsikia. Yuko roshani anabweka mpaka sauti imekauka, jirani wa chini amesimama nje na mikono kiunoni, anasema ndivyo inavyokuwa kila siku tangu asubuhi. Nikapanda, nikagonga. Mbwa akazidi. Nikagonga kwa kiganja, nikagonga kwa ngumi, na cherehani naisikia inakimbia ndani. Nikakaa kwenye ngazi. Sikutaka kuvunja kitasa mara ya pili. Alifungua saa tisa na nusu alipotaka kutoa takataka, akaniona, akasema, "Mbona umekaa hapo kama mdai? Si ungegonga?"

Na kuna suruali. Nilimwambia urefu tisini. Nikiwa mbele yake, akaandika kwenye daftari lake, akakata sitini. Mama, aliyenishonea tangu nguo za shule bila kunipima mara mbili! Nilipomwonyesha akasema ndivyo nilivyomwambia. Ukimuuliza jambo anajibu jingine. Anacheka pasipo kichekesho.

Mjomba, naogopa kichwa chake kinaondoka. Nimesoma habari za ugonjwa huo, sikumaliza ukurasa. Naona nisisubiri mwezi wa nne. Jumamosi ijayo nitamhamisha, hata akinichukia.

Mpwa wako


4 Machi

Mpwa wangu,

Usimhamishe. Nipe wiki tatu. Sababu ninayo lakini si yangu kuitoa, ni ya mama yako. Kitu kimoja nakuapia: kichwa chake hakijaenda kokote. Jenerali mrudishe na dereva huyuhuyu, amefanya kazi yake.

Mjomba wako


4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Soma barua hii ukiwa umekaa, na usiichane kabla ya mwisho.

Wewe umeniandikia Jenerali hajabweka wiki nzima. Mwanao ameniandikia Jenerali amebweka mpaka sauti imemkauka, na yeye amegonga saa moja na nusu. Ninawajua nyote wawili, hamna uongo wa namna hiyo. Na Jenerali namjua zaidi.

Anakwambia tisini, unakata sitini. Anagonga, hufungui. Kubweka kwako ni sawa tu. Simu inaharibika mwezi mzima na fundi simu yuko chini ya nyumba yako. Dada, husikii.

Mama alianza hivihivi. Tulisema amekuwa mjeuri, tukasema akili zimeruka, tukampa kiti kwenye kona. Ni daktari wa macho, tena kwa bahati tu, aliyetugeukia akatuambia, "Mama yenu macho anayo, masikio ndiyo hana." Wakati huo alikwishazoea kunyamaza. Wewe ulikuwepo siku hiyo. Najua unachokiogopa na kwa nini, na mimi pia kiti kile kinanijia kichwani mara nyingi kuliko ninavyosema.

Sasa na mimi nitoe la kwangu. Mwezi wa kumi na moja nilipanda kilimani nikakupigia kukuambia wifi yako amelazwa, hali mbaya. Ukanijibu, "Vizuri, vizuri, ndivyo inavyotakiwa," ukacheka. Niliaga nikashuka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuandikia mizaha na moyoni nimekuwekea jiwe. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Niliposoma barua ya mwanao nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye mabanda nikalia kama mtoto, na ilikuwa furaha. Hukunicheka, Dada. Hukunisikia tu.

Nijibu hata kama ni kwa matusi.

Kitinda


20 Machi

Kitinda,

Matusi nimeyaandika mara tatu na kuyachoma kwenye jiko mara tatu. Ndiyo maana nimechelewa.

Nilikasirika. Nilisema mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu ndiye wa kunipima masikio kwa kutumia mbwa! Siku nne nikakasirika vizuri kabisa. Siku ya tano nikafikia tena pale kwenye habari ya wifi yangu kulazwa, na hasira ikaniishia mikononi.

Simu haijaharibika. Iko kwenye droo ya nyuzi. Siku ile ulipopiga nilisikia sauti yako inakuja na kuondoka, nikakisia unaniambia habari za banda jipya, maana mara ya mwisho ulizungumzia banda. Ulipoaga harakaharaka nilijua nimekosea neno, sikujua lipi. Nilikuja kuambiwa na mwanangu baada ya wiki mbili kwamba wifi yangu alikuwa amelazwa, tena alishatoka. Niliona aibu hata kukuuliza. Ndipo simu ilipoingia kwenye droo. Mpe wifi yangu samahani yangu, na wewe chukua yako. Nimekubeba mgongoni lakini sijawahi kukuomba radhi hata siku moja, kwa hiyo sijui inaandikwaje.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na mbwa, afadhali.

Sasa majibu ya kweli ya karatasi yako. Sokoni sikwendi tangu mwaka jana. Baiskeli ilinipitia nyuma, kengele sikuisikia, usukani ukanichana mkono wa gauni, na yule kijana akanifokea kama ninavyowafokea wengine. Tangu hapo nanunua kwa jirani wa chini. Uwanja siuzunguki. Wageni hawaji kila siku, wanakuja Jumanne na Ijumaa, siku ninazoacha mlango wazi. Wateja nawaambia waniandikie vipimo wenyewe, nasema ni utaratibu mpya. Mwanangu sikumwambia aandike kwa sababu ni mwanangu, nikaona nitamsoma mdomo. Sitini na tisini mdomo wake ni mmoja.

Nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka upande wa jikoni. Nimeupa mlango mgongo, kwa sababu mwanga uko dirishani. Kila baada ya muda nageuka kutazama kama kuna mtu. Nageuka mara mia kwa siku, Kitinda. Shingo inaniuma kuliko mgongo.

Usimwambie mwanangu. Na mbwa sidhani kama yupo wa kumfaa mtu kama mimi.

Dada yako


25 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani imepokelewa, na kwa taarifa yako inaandikwa hivyohivyo. Wifi yako amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema afadhali mtu asiyesikia akujibu "vizuri" kuliko wanaosikia na wasijibu.

Sasa nisikilize, yaani nisome. Mbwa yupo. Yupo hapa miaka miwili, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwandika kwenye daftari kwamba ana kasoro.

Tunamwita Bubu. Nusu pudo, wale mbwa wa manyoya kama ya kondoo, nusu Mungu anajua. Kimo chake kinaishia kwenye goti lako. Nywele zake ni za kujisokota, hazidondoki, gauni la bibi harusi litabaki jeupe. Ana miaka sita, amekwishatulia, anataka kutembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, basi. Siku nzima analala miguuni pa mtu anayefanya kazi. Hapa analala chini ya meza yangu na mashine ya kukata nyasi haimshtui.

Kasoro yake ni kwamba habweki. Amechukuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu, kwa sababu kila aliyemchukua alitaka mlinzi. Mtu akija, Bubu anakwenda kwa mwenye nyumba, anamgusa goti kwa mguu wake mara mbili, kisha anatazama mlangoni. Mara ya mwisho mwizi wa kuku aliingia mchana kweupe. Bubu akaenda kumgusa bwana aliyekuwa anatazama mpira. Bwana akamsukuma. Akamgusa tena, akasukumwa tena. Kuku wakaenda, na mbwa ndiye aliyerudishwa kwetu kwa uzembe.

Hata njiani ni hivyo. Kitu kikija nyuma yenu anasimama, anageuka, hasogei mpaka kipite. Wenye haraka walimwona mvivu.

Hatujamfundisha, kazaliwa nayo, na mimi mtaalamu wa maswali kumi na mawili niliona kasoro miaka miwili. Sikuwa nimepata mtu wa kumfaa, kwa sababu watu hawaandiki ukweli kwenye karatasi.

Nitamleta mwenyewe Jumatano, masharti mawili. Uende hospitali ukapimwe masikio. Na mwanao umwambie wewe, kwa mdomo wako. Yeye anaogopa kitu kibaya zaidi ya masikio, Dada. Muulize ni kitu gani, kisha mtoe kwenye hofu hiyo. Kila siku unayomficha, anakaa nayo yeye.

Kitinda


8 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama ni kiziwi!

Samahani, naanza vibaya, lakini tangu Alhamisi namwambia kila mtu hivyo na kila mtu ananitazama kama nimechanganyikiwa kwa jinsi ninavyotabasamu. Karani mwenzangu ofisini alinipa pole. Nikamwambia pole ya nini, bwana, nipe hongera.

Aliniita mwenyewe, siku moja baada ya wewe kuondoka. Akanikalisha, akachukua ile suruali, akaiweka mezani kati yetu, akasema, "Sema ulichosema siku ile." Nikasema tisini. Akasema, "Geuka, useme ukiwa umenipa mgongo." Nikageuka nikasema tisini. Nikageuka tena, nikamkuta ananitazama tu, machozi yanamtoka, anasema, "Mwanangu, sikusikia hata kwamba umesema." Kisha akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia. Akanipiga kofi la begani, eti yeye kichwa chake kina vipimo vya watu mia mbili, nimjaribu. Nikamjaribu, Mjomba. Alinitajia kiuno changu cha kidato cha pili.

Hospitali walimweka kwenye kibanda cha kioo, wakamvalisha vipokea sauti, ainue mkono akisikia. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Milio mingine ilikuwa inanifikia mimi nje, na yeye mkono uko mapajani, anamtazama mpimaji kwa heshima, anasubiri kuanza. Hapo nililia kidogo. Nilikumbuka ngazini nilivyomwazia mabaya.

Daktari amesema la kulia limebaki nusu, la kushoto robo, na herufi kama *s* na *t* ndizo zilizotangulia kuondoka. Kichwa ni kizima kabisa. Hilo hata mimi ningemwambia daktari, maana Mama alishamwonyesha kwamba koti lake jeupe limepindwa vibaya na amwachie alirekebishe. Kifaa cha masikio kitakuwa tayari kabla ya mwezi kwisha.

Kile kitanda nimempa jirani mwenye watoto watano. Kitasa nimeweka kipya, cha kufungua kwa ufunguo hata nje.

Swali moja tu, na usinicheke. Huyu mbwa wako mbona haninusi, hanibwekei, ananitazama tu kisha anamtazama Mama? Anasema nini?

Mpwa wako


30 Aprili

Kitinda mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi yangu, mwambie gauni lake linakuja na dereva, nimelikata kwa kipimo cha macho na najua litamkaa.

Leo ndiyo mwisho wa mwezi wa nne, siku niliyokuwa nihame. Nimeiamkia kwa kutembea mpaka sokoni. Baiskeli tatu zimenipita na zote tatu nimeziona, kwa sababu bwana huyu alisimama kama polisi wa njia panda na kukataa kwenda. Muuza vitunguu aliniuliza nilikuwa safari gani mwaka mzima. Nikamwambia safari ya kwenda ukaidini, nimerudi.

Majirani wameshapata la kusema, eti ghorofa ya pili wanaishi kiziwi na bubu. Nimewaambia ndiyo, na ndiyo nyumba pekee mtaani ambako hakuna wa kumsengenya mwenzake. Jina sitalibadilisha, ameshalizoea, na mimi langu nimelizoea.

Kifaa nimekipata juzi. Kitu kidogo kama punje ya mahindi, na ghafla dunia imejaa vyombo vinavyogongana. Sikujua maji ya bomba yana kelele kiasi kile. Asubuhi nilitoa simu kwenye droo ya nyuzi, kwa hiyo Jumapili panda kilimani. Ukiniambia jambo baya nitakujibu kama mtu.

Ila kwenye cherehani nakivua. Mlio wa mashine unaingia wote kichwani, daktari amesema nikivue tu nikishona. Kwa hiyo mchana naendelea kuwa vilevile, mgongo mlangoni, uso dirishani, kimya. Tofauti ni moja. Shingo haiumi tena, Kitinda. Sigeuki. Kuna mtu chini ya meza, kidevu chake kiko juu ya mguu wangu, na akiwa ametulia najua hakuna kitu. Sijui nikuelezeje usingizi ninaoupata nikiwa macho.

Leo saa nane nilikuwa napiga pasi kola ya shati. Kidevu kikaondoka mguuni. Nikaguswa goti, mara mbili. Nikatazama chini, yeye anatazama mlangoni. Nikaiweka pasi wima, nikaenda, nikafungua.

Mwanangu alikuwa amesimama pale na suruali mpya begani, mkono ameuinua hewani. Alikuwa amegonga mara moja tu, ndiyo kwanza anataka kugonga ya pili. Alinitazama masikioni kwanza, akaona hamna kitu. Mkono hakuushusha. Midomo yake nikaisoma vizuri kabisa, kila herufi:

"Mama, umejuaje?"

Nikamwambia, "Nimeambiwa."

Dada yako,
Fundi